Makopo Sita ya Maganda ya Chenza

Kwa miaka thelathini na moja Urbanus alitunza stoo ya serikali mjini Kigoma, na kwa miaka hiyo yote watu walimwita kwa jina la kile walichokuwa wanakitafuta. Walimu walimwita Mzee wa Chaki, madereva walimwita Mzee wa Matairi, na mwaka ule upepo ulipong'oa mapaa ya madarasa akawa Mzee wa Mabati mpaka mabati yalipokwisha. Hakuchukia. Mtu aliyehamishwa kutoka Rombo hadi mwisho wa reli, akaoa hukohuko na kujenga mtaa wa Rusimbi, hawezi kuchagua sana anavyoitwa. Kilichomuuma ni siku aliyostaafu. Alikabidhi funguo saa tisa alasiri, na alipofika sokoni Mwanga saa kumi hakuwa na jina lolote. Muuza nyanya alimwambia apite, anaziba njia.

Katika miji mingine ya dunia mstaafu hupewa benchi, njiwa na gazeti. Kigoma humpa kiti cha plastiki na ziwa la kutazama. Urbanus alilitazama Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu akaona halibadiliki vya kutosha, akaenda kuomba kazi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara upande wa Kidahwe. Walimpa stoo. Akawa na funguo tena, na usingizi ukarudi.

Huko ndiko alikokutana na ganda. Siku moja mchana, baada ya ugali wa muhogo na maharage, tumbo lake lilijaa gesi mpaka akawa anatembea kwa kuegama nyuma kama mjamzito. Mpishi wa kambi, mzee mmoja aitwaye Liang, alimwita jikoni, akafungua chupa ya kioo na kutoa kitu cheusi kilichokunjamana, mfano wa sikio la mbuzi lililosahauliwa juani. Akakichemsha. Urbanus alikunywa kwa adabu tu. Kisha akacheua mara tatu, na ile ya tatu waliisikia mpaka kwenye karakana.

Liang hakujua Kiswahili zaidi ya majina ya mboga, kwa hiyo maelezo yalipita kwa Melania, mkalimani wa kambi, binti wa Kasulu aliyesomea Kichina hukohuko China. Kile kitu kilikuwa ganda la chenza. Kwao Liang, mji wa Xinhui kusini mwa China, ganda la chenza lililokaushwa ni dawa ya tumbo lililojaa na kifua chenye makohozi, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyopanda cheo. La mwaka huu ni ganda tu. La miaka mitatu ndipo linaanza kuitwa dawa. La miaka ishirini hufichwa pamoja na vito vya nyumba, na bibi akifa watoto huligombea kabla ya shamba.

Mwingine angesikia habari ya tiba. Urbanus alisikia habari yake mwenyewe. Kumbe duniani kiko kitu ambacho thamani yake hupanda kwa kukaa tu stoo bila kufanya lolote.

Akajifunza kila kitu. Wauzaji wa Mwanga humenya chungwa kwa kisu, ngozi ikatoka utepe mwembamba mrefu. Chenza hawalimenyi hata kidogo, mnunuzi hulichana mwenyewe kwa kidole gumba na ganda likaanguka popote alipo. Liang alimfundisha kulipasua mara tatu kutoka kitakoni kuelekea kwenye kikonyo, ganda likafunguka majani matatu yaliyoshikana, kisha kulianika, kuligeuza ndani nje, na kulifungia mahali pakavu. Urbanus alifanya mazoezi kwa machenza arobaini. Nyumba nzima ilikula machenza mpaka midomo ikawasha.

Kopo la kwanza, lililokuwa la maziwa ya unga, alilibandika karatasi nyeupe yenye namba 2019 kwa mwandiko wake wa kiofisi. Mwaka uliofuata likaja la pili. Barabara ilipofika Kidahwe, kambi ikabaki na mafundi wachache na jiko la Liang, na stoo ikafungwa, alirudi Rusimbi na makopo yake, akayapanga kwenye rafu ndani ya chumba alichokulia binti yao Arakaza, ambaye sasa ameolewa Tabora. Mwishoni mwa kila mwezi aliyanyanyua moja moja, akayatikisa karibu na sikio, akaridhika.

Mkewe, Astérie, hakumzuia. Alikuwa mtoto wa watu waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na godoro moja, na katika nyumba alimokulia hakikuwahi kutupwa kitu. Mume akikusanya maganda badala ya kukusanya wanawake, yeye aliona ni nafuu. Alimwachia hata nusu ya chanja yake ya kuanikia dagaa. Na sheria za stoo alikuwa anazijua, maana alifundishwa siku ya kwanza ya ndoa. Urbanus alikuwa amesimama mbele ya debe la maharage, bado kavaa suti ya harusi, akamweleza kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka, na kwamba chombo hakiachwi kikapungua bila kujazwa. Kwa sheria hizo mbili, alisema, serikali haijawahi kulala njaa. Astérie hakuwa na hakika kuhusu serikali, lakini maharage yake hayakuwahi kutoboka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Thobias, fundi cherehani wa Mwanga, aliyekuwa anakohoa tangu Pasaka. Urbanus alimuuliza kinamuanza saa ngapi, akatazama dari, akaenda kwenye rafu na kurudi na jani moja kutoka kopo la 2019. Akamwambia achemshe na kipande cha tangawizi. Thobias alipona baada ya siku tisa, muda ambao kikohozi cha namna ile huchukua kupona chenyewe. Alitembea soko zima akisimulia. Na kwa kuwa huwezi kusema umetibiwa na mstaafu wa stoo, alisema ametibiwa na daktari.

Jina lile lilimwingia Urbanus kama maji kwenye mtungi mkavu. Daktari. Hakulitafuta, lakini alipolipata alihakikisha halimponyoki. Alinunua miwani asiyoihitaji. Aliweka benchi chini ya ukuta. Hakutoza chochote, watu walileta sukari, dagaa, chupa ya mawese. Akapanga hata ngazi za ugonjwa: aliyevimbiwa na chakula cha harusi alipewa ganda la 2024, mwenye kifua cha wiki moja, la 2022, na mwenye shida nzito, mwenye cheo, au aliyekuja na mama mkwe, ndiye aliyefunguliwa 2019. Ilifika mahali watu walijivunia. Jirani akisema alipewa la ishirini na tatu, mwenzake alimwonea huruma.

Ila Bonifasi hakuwa katika hesabu hiyo. Bonifasi alikuwa afisa afya wa kata, kijana wa Singida, mwenye pikipiki ya ofisi na sauti ya kipaza sauti hata akiwa hana kipaza sauti. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema kwamba yeye haogopi mtu kunywa chai ya maganda. Anachokataa ni mtu kujiita daktari kwa kuonyesha namba alizoandika mwenyewe kwenye makopo. Akampa Mzee Urbanus hadi mwisho wa mwezi. Aje mtu mmoja anayeijua dawa hiyo, aseme mbele ya watu kwamba ganda hilo lina umri unaotajwa. Asiposema hivyo, benchi litolewe, na mzee aitwe mzee kama wazee wenzake.

Urbanus alirudi nyumbani akakosa hamu ya chakula. Kuondolewa benchi angevumilia. Lakini aliiona ile saa kumi ya Mwanga, nyanya upande huu, mchicha upande ule, na yeye katikati akiambiwa apite.

Akampigia simu Melania. Bahati ilikuwa yake, au aliona hivyo: dada mkubwa wa Liang alikuwa amekuja kumtembelea mdogo wake kambini, na huyo Bibi Liang alikuwa ameuza dawa za mitishamba Xinhui miaka arobaini. Melania aliahidi kumleta Jumamosi asubuhi. Urbanus alipaka benchi rangi.

Jumamosi ile ua ulijaa kuliko siku ya msiba. Thobias alishona kola mpya kwa ajili ya siku hiyo. Bonifasi alikaa mbele, daftari gotini, akapewa chai kama adui anavyopewa chai, yenye sukari nyingi. Makopo sita yalipangwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kanisa.

Bibi Liang aliteremka kwenye gari taratibu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye viatu vya kitambaa, na kwa uso wake huwezi kujua kama amekasirika au ameshiba. Melania aliamkia shikamoo kwa niaba ya wote wawili. Bibi Liang hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akafungua kopo la 2019, akatoa ganda, akalishika kwenye mwanga, akalivunja karibu na sikio, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi. Akalirudisha. Akafungua la 2020. Akafanya vilevile. La 2021, la 2022, la 2023. Alipofungua la 2024 alikawia kidogo, akanusa mara mbili, kisha akalitenga pembeni.

Alisema maneno machache. Melania aliyasikiliza akamtazama Urbanus, akatazama watu.

"Anasema hili la 2024 ni kweli. Lina kama mwaka mmoja, na limekaushwa vizuri," alisema. "Haya mengine matano anasema ni ya juzijuzi. Hili la 2019 halijamaliza mwezi. Samahani, Mzee wangu, anasema linanuka dagaa."

Bonifasi alifungua kalamu.

Urbanus alisema hapana kwa sauti ndogo, kama mtu anayemkatalia mtoto kitu. Alisema maganda yale ya 2019 aliyakata kwa mkono wake Kidahwe, mbele ya macho ya Liang. Alisema chumba kina kitasa. Alisema kila mwezi anayanyanyua. Na alipokuwa anasema hayo macho yake yalitafuta shahidi, yakampata mkewe amesimama kwenye mlango wa jiko na kibanio cha mkaa mkononi.

"Mama Arakaza, waambie."

Astérie aliweka kibanio chini. Hakuwa mwanamke wa kusema uongo mbele ya mgeni.

"Mimi huwashia mkaa," alisema. "Tangu walipokataza mifuko ya plastiki, moto ulikuwa hauwaki. Ganda kavu linashika vizuri, na linafukuza mbu."

"Unawashia maganda yangu?"

"Baba Arakaza, nimefuata ulivyonifundisha. Nachukua la zamani kwanza. Na nikichukua, najaza."

Akaeleza yote bila haraka, kama mtu anayekabidhi stoo iliyo sawa. Kila asubuhi majani mawili kutoka kopo la mwaka wa nyuma kabisa. Kila wiki maganda mapya kutoka chanjani kwenda kwenye kopo lililopungua. Msimu wa mvua, maganda yakichelewa kukauka, alihamia kopo linalofuata, hivyohivyo kwa zamu, na yote yalikwishazunguka isipokuwa lile la mwisho ambalo zamu yake haikuwa imefika. Hajawahi kuacha kopo likapungua. Hapo kwenye kutopungua alinyanyua kidevu kidogo, na ukweli ni kwamba alistahili.

Kwa hiyo kila aliyefunguliwa 2019 kwa heshima ya ugonjwa wake alikunywa ganda bichi kuliko yote ndani ya nyumba ile. Na wale wa kuvimbiwa na wali wa harusi, waliopewa la 2024 na kuonewa huruma na majirani, ndio peke yao walioonja ganda lililokaa.

Urbanus alikaa kwenye benchi lake. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Alivua miwani akaikunja, akasubiri kuwa mzee kama wazee wenzake.

Bibi Liang ndiye aliyemhurumia, na huruma yake ndiyo iliyoharibu kila kitu. Alimwambia Melania amweleze mzee asiyatupe; maganda machanga hayafai kuwa dawa ila yanafaa kupikia bata, na kama mzee hayahitaji, yeye angeyachukua yote matano ampelekee mdogo wake jikoni.

Melania alitafsiri. Thobias akasimama.

Thobias alikuwa amekaa Mwanga miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu wa Mwanga asiyejua mnunuzi anavyonunua. Anakishika kitenge, anakunja uso, anasema rangi inachuja, uzi mbovu, na mwishoni anasema basi nipe nikakisaidie. Anayesifu kitu si mnunuzi, ni mpita njia.

"Jamani, mmesikia," alisema Thobias. "Halijamaliza mwezi, linanuka dagaa, lakini nipe yote nikapikie bata. Matano yote. Na lile la 2024 analolisifu, mbona kaliacha mezani?"

Ua mzima ukageuka kumtazama Bibi Liang, kisha makopo, kisha Bibi Liang tena. Mtu wa nyuma alisema ametoka China yote hiyo, kwa ndege mbili, kuja kula bata Kidahwe? Mwingine akasema ndiyo maana hakukaa, mwenye nia safi hukaa. Mama mmoja alisogea akasimama kati ya mgeni na meza.

Urbanus aliinuka. Alisema kwamba bibi huyu hajadanganya, mkewe hajadanganya, yeye ndiye aliyekosea. Kwamba makopo yale ni maganda ya juzi na kwamba hao walioona wamepona wamepona wenyewe. Aliyasema yote wazi, kwa sauti ya kusomea taarifa ya upungufu wa mali, na hakuwahi kusema kweli kubwa kuliko hiyo maishani mwake.

Watu walitikisa vichwa kwa mapenzi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba umeona daktari wa kweli, anajishusha ili wasimwibie. Na Astérie wakampongeza kwa akili: kumwambia Mchina kuwa anawashia moto, mbele ya watu wote, bila kucheka.

Astérie aliwakatalia kwa Kirundi cha kwao, "Oya, hapana, ni kweli nawashia." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Alibaki Bonifasi na daftari. Urbanus alimgeukia kama anavyogeukiwa hakimu, na safari hii alitaka ahukumiwe. Bonifasi aliandika mstari mmoja, akaukata, akafunga kalamu. Akasema ofisi yake haiwezi kutegemea maelezo ya mtu mwenye maslahi ya kununua, hivyo suala linabaki kama lilivyokuwa. Watu walipotawanyika alibaki nyuma, akafungua kisanduku cha nyuma ya pikipiki, akatoa chupa ndogo ya chai, akaomba ajaziwe. Tumbo lilikuwa likimsumbua tangu alipohamishwa kutoka Singida. Muuguzi mmoja wa zahanati alikuwa akimchukulia kwa siri, kila Jumanne, la 2019.

"Naomba hilohilo, Daktari," alisema, huku akitazama ukuta.

Bibi Liang aliondoka mikono mitupu. Dirishani mwa gari alimpungia Astérie peke yake, mwanamke kwa mwanamke, kama watu wa biashara moja waliokutana wakatambuana.

Urbanus alijaribu kuishi kwa haki. Alitoboa kopo la 2024 akalitia kufuli, akafuta namba za mengine matano, na kila aliyekuja alimpa kutoka lile la kweli akimwambia ni la mwaka mmoja tu. Siku ya tatu walianza kulalamika. Thobias alirudi na jani lake mkononi akasema bila kukasirika kwamba hili halifanyi kazi, limepoa. Kama amekosea kitu siku ile aambiwe, yeye ni mtu mzima. Mama mmoja alilia. Mwisho wa wiki benchi lilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anasubiri mvua iishe. Wiki iliyofuata Urbanus alipita Mwanga saa kumi. Muuza nyanya alimtazama kwa muda akitafuta jina.

Siku hiyohiyo jioni alichukua kalamu akarudisha namba, 2019, 2020, zote, kwa mwandiko uleule wa kiofisi.

Sasa benchi limejaa, na limepakwa rangi mara ya pili. Daktari hasemi tena umri wa ganda. Akiulizwa husema soma kopo. Astérie anaendelea kuwasha mkaa kwa utaratibu uleule, la zamani kwanza, na hakuna kopo linalopungua.

Juzi baada ya chakula cha mchana, ugali wa muhogo na maharage kama siku ile ya kambini, tumbo la Urbanus lilijaa. Aliingia chumbani, akasimama mbele ya rafu. Ufunguo wa 2024 ulikuwa mfukoni mwake. Aliutoa, akaupima mkononi, akautazama ule mwaka mmoja wa haki uliofungiwa kufuli. Kisha akaurudisha mfukoni, akanyoosha mkono, akachukua jani kutoka kopo la 2019. Alilichemsha mwenyewe jikoni, akalinywa amesimama. Lilinuka dagaa kwa mbali.

Akacheua mara tatu. Ya tatu waliisikia barabarani, na mtu mmoja pale kwenye benchi akasema mnaona.

Astérie, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Baba Arakaza, usilimalize," alisema. "Kesho nitawashia nini?"